Wodi Moja Tu Niliyoitaka

Nilikwenda Embu kusomea uuguzi wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ilipokuwa ikipigana na watu wa msituni, na moyoni nilikuwa na jambo moja tu: ukunga. Kwetu Imenti, mama yangu ndiye aliyeitwa wanawake waliposhikwa na uchungu, nami nilimfuata nikimbebea maji. Nilipokea mtoto mchanga mikononi kabla sijawahi kuvaa kiatu.

Metroni, Mzungu aliyetufundisha, alicheka nilipomweleza. "Wodi ya wazazi ni mwaka wa mwisho. Kwanza utaosha vidonda."

Nikaosha vidonda miaka miwili. Wodi ya wanaume ilijaa majeruhi wa risasi waliofungwa pingu vitandani, askari mlangoni. Niliwachukia. Si kwa siasa. Niliwachukia kwa sababu hawakuwa wanawake wenye mimba. Naandika hivi kwa aibu. Mzee mmoja aliyepigwa risasi ya paja aliniambia nikimfunga bendeji, "Mwanangu, mkono wako una hasira. Nimekukosea nini?"

Nikaikaza bendeji. Asubuhi ya tatu nilikuta godoro lake limekunjwa, na hakuna aliyethubutu kuuliza amepelekwa wapi.

Mwaka wa pili ulipoisha nilipewa kibali cha kwenda nyumbani siku nne. Niliazimia kutorudi. Lakini nyumbani hakukuwa nyumbani tena. Boma letu lilikuwa limechomwa, watu wamerundikwa katika kijiji kimoja chenye seng'enge, na mama yangu, mkunga, alikuwa ndani ya handaki anachimba kwa amri ya serikali.

"Nimechoka na masomo, mama. Ninataka kukaa."

Hakunikumbatia. Alinionyesha viganja vilivyochubuka. "Kaa basi. Jembe lako lile pale."

Nikarudi Embu kabla kibali hakijaisha. Wenzangu husema wito ndio uliowavusha. Mimi nilivushwa na woga wa handaki.

Mwaka wa tatu nikaingia wodi ya wazazi. Wiki ya kwanza, saa nane mchana, mwanamke aliletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe, mama mkwe wake akitembea kando. Alikuwa hana nguvu hata ya kulia.

"Uchungu ulimshika jana tukichimba," mama mkwe akasema. "Homugadi anayetusimamia akamkataza kutoka mpaka kazi iishe. Kisha lango likafungwa. Ni kijana wa kwetu yule, amepewa bunduki tu."

Nilifanya yote niliyofundishwa, na mengine ya mama yangu. Mtoto alitoka kimya. Nilimpulizia, nikamsugua mgongo, nikampulizia tena, mpaka metroni akanishika bega.

"Andika: amezaliwa mfu," akasema kwa Kiingereza.

"Na sababu?"

"Kuchelewa kufika."

"Hakuchelewa. Alizuiwa."

"Dada," akasema polepole, "unataka kumaliza kozi hii au hutaki?"

Nikaandika: kuchelewa. Mwaka ule nililiandika neno hilo mara nyingi, mpaka mkono ukalizoea.

Nilifaulu vizuri. Nimezalisha maisha yangu yote, na wengi walitoka wakilia kama inavyopasa. Watu wakinishukuru, mimi huitikia. Lakini siku ile mama mkwe yule alisimama kando yangu nikiandika. Hakujua kusoma, akadhani ninayaandika aliyonieleza. Akaniambia, "Asante, binti yangu, angalau wewe umeandika."