Abiria wa Saba Alikuwa na Poda Usoni

Mwaka 1992 sikuwa na mshahara. Kiwanda kilikuwa hakijatulipa kwa miezi mitano.

Sikuwa na bati zima juu ya nyumba. Sikuwa na gari. Sikuwa na betri za redio, kwa hiyo habari za nchi nilizipata kwa majirani, na wakati ule majirani wenyewe ndio walikuwa habari.

Sikuwa na mtoto mwenye diploma ya Serikali.

Na ujasiri? Huo nilidhani ninao.

Basi nisikilizeni. Jumapili moja ya Septemba niliondoka Likasi na vijana sita nyuma ya gari. Niliwahesabu mwenyewe, kwa sauti. Nilipozima injini Kapolowe, walishuka saba.

Wote walikuwa weupe kama waliotoka kaburini.

Nina miaka sabini na nne sasa. Kuandika vizuri nilijifunza nikiwa baba wa watoto, katika shule ya jioni, vidole vikiwa bado na grisi ya kiwandani. Aliyenifundisha ni Mwalimu Léon, jirani yetu, nyumba ya nne kutoka kwangu. Yeye ndiye aliyenifikisha kwenye cheti changu cha kwanza, nikiwa na miaka thelathini na minane.

Mwalimu Léon alizaliwa Likasi kama mimi. Ila babu zake walitoka Kasai.

Kwa asiyeujua mwaka ule: ilifika siku mtu wa Kasai hakutakiwa tena Katanga. Vijana walipita nyumba kwa nyumba. Familia zilitolewa na magodoro yao, zikalala stesheni wiki baada ya wiki zikingoja treni.

Siku walipomtoa Mwalimu Léon nilikuwa ndani. Nilisikia sauti yake barabarani.

"Polepole na vitabu, bana. Polepole."

Nilifunga dirisha.

Treni ikawachukua, yeye na mkewe. Tulidhani na binti yao Alphonsine yumo. Alphonsine na binti yangu Elikia walikaa dawati moja tangu darasa la kwanza.

Siku chache baadaye Elikia akaingia uani mbio, kichwa cheupe pepepe.

Huku kwetu mtoto akipata diploma ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari, anamwagiwa poda. Poda ya watoto wachanga. Ikikosekana, hata unga wa muhogo. Kichwa, uso, mabega, mpaka mama yake mzazi amtambue kwa kiatu.

"Amepata!" mke wangu Suzanne akapiga kelele. "Papa Elikia, mutoto amepata!"

Nililia mbele ya watu. Sioni aibu kuliandika.

Sikwenda kusoma orodha kwenye ukuta wa shule. Njia ya shule ilikuwa na vijana wenye mapanga. Suzanne alisema, "Minye nimeiona na macho yangu," ikatosha.

Jioni ileile Suzanne akaanza.

"Iko lazima fête. Nyumba inavuja, utengeneze mabati mbele ya mvua. Na iko lazima gari, tupeleke mutoto kwa mama yako Kapolowe amubariki."

"Suzanne, mu wakati kama huu?"

"Njo mu wakati kama huu," akasema. Njo, yaani ndiyo.

Mke wangu hakuwa mtu wa fête, wa sherehe. Ubatizo wa Elikia tuliusherehekea kwa chai. Lakini nilikuwa baba wa mtoto mwenye diploma, kichwa kimevimba, sikuuliza zaidi.

Nilinunua mabati sokoni. Wakati ule yalijaa, yote yakiwa na matundu ya misumari ya watu wengine. Sikuuliza yametoka juu ya nyumba ya nani.

Siku ya pili niko juu, nimeshafumua upande wa mbele, sauti ikanipandia kutoka barabarani.

"Papa Éphraïm! Munabomoa?"

Alikuwa Ricky. Mtoto wa mtaa huu huu, nilimjua akiwa na kamasi. Sasa alikuwa na kitambaa chekundu kichwani na vijana kumi nyuma yake.

"Natengeneza," nikasema.

"Wenye banafumua bati mu mwezi huu, bote banahama. Na nimesikia unatafuta gari."

"Ricky, mwanangu, baba yangu ni wa Kapolowe. Kaburi lake liko pale, kwenda kuliona ni saa moja tu."

"Bote banasema vile, papa."

Akachukua mkaa, akaandika namba kwenye mlango wangu. Kumi na saba.

"Ya nini hiyo?"

"Ya kukumbuka tu."

Wakaenda wakicheka. Mimi nilibaki juu mpaka jua likageuka. Si kwamba kazi ilikuwa nyingi. Sikutaka kushuka nikaione ile namba.

Ndiyo shida niliyokuwa nayo, ielewe vizuri. Namba mlangoni maana yake nyumba imeshagawiwa. Kila msumari niliopiga ili tuishi vizuri, mtaani ulisomeka kuwa tunakimbia. Na anayekimbia ana cha kuficha.

"Tuache fête," nikamwambia Suzanne.

"Tukiacha sasa, njo batajua tuko na woga. Piga misumari."

Nyuma ya nyumba tulikuwa na chumba kidogo, bwayeri tunakiita, chumba cha mtumishi tangu enzi za Wabelgiji. Suzanne alikitia kufuli akasema ameweka unga wa fête. Ufunguo aliufunga kiunoni. Mwaka ule kila mke alilinda unga, sikushangaa.

Mpaka jioni moja nilipomsikia mtu akikohoa humo ndani.

Nilichukua nyundo. Suzanne alikuwa ameshasimama mlangoni, mikono imekunjwa.

"Ni panya."

"Panya anakohoa?"

"Panya ya mwaka huu iko na njaa mpaka mu kifua. Rudia mabati yako, papa."

Alicheka. Midomo ilicheka, macho hapana.

Nikafikiri hivi: Ricky ameshapenyeza mtu wake uani kwangu, angoje siku yetu, na mke wangu ametishwa asiseme. Tangu hapo nyundo ililala chini ya mto wangu, na mimi nililala nikiwa nimevaa viatu.

Gari nilitafuta wiki nzima. Mwisho nikafika kwa Djibril, mwuza vipuri karibu na soko. Alikuwa na Peugeot 404 yenye karosa ya mizigo nyuma, turubai limeoza, vimebaki vyuma vyake tu.

"Gari iko, papa," akasema. "Breki njo haiko sana."

"Haiko sana maana yake nini?"

"Ukikanyaga mara moja, inasikia. Mara ya pili, inafikiri. Mara ya tatu, inasimama."

Alitaka baiskeli yangu na cherehani ya Suzanne. Cherehani hiyo aliolewa nayo. Nilirudi nyumbani nikijua atakataa.

"Mupe," Suzanne akasema, hata kabla sijamaliza.

Hapo nilipaswa kuelewa. Sikuelewa.

Jumapili ikafika. Baada ya ibada, ua wetu ulijaa watu wakinywa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Poda ikarushwa hewani. Elikia na wenzake wa darasa wakageuka sanamu za chokaa, wakaimba, wakacheza, mtu hamjui mwenzake.

Saa nane nikawapandisha nyuma. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Suzanne akakaa mbele. Nikazunguka mbele kupiga manivela, chuma cha kuwashia, mpaka injini ikaamka.

Mwisho wa mji kulikuwa na bariere. Gogo limelala barabarani, tairi linafuka moshi. Na kitambaa chekundu.

Nikakanyaga breki mara tatu.

"Papa Éphraïm," Ricky akasema. "Njo munahama sasa."

"Tunapeleka mutoto kwa kambo yake, amubariki," Suzanne akamjibu, kambo akimaanisha bibi. "Mama ya huyu mwanaume, Madeleine. Uliza Kapolowe yote."

"Sawa. Bashuke. Tunaangalia sura."

Mikono yangu ilishikamana na usukani. 

"Sura gani na poda yote hii?" kijana mmoja akauliza.

Elikia akasimama karosani, nyonga moja juu.

"Ricky! Weye mwenye ulirudia mwaka ya sita mara tatu, leo njo unaangalia sura ya wenye diploma?"

Vijana wote wakaangua kicheko. Ricky hakucheka. Akapanda bampa la nyuma na panga mkononi. Kwenye kioo nilimwona akinyoosha kidole, akamgusa msichana aliyekaa pembeni, akamchora mstari shavuni.

"Huyu ni nani?"

Elikia akausogeza mkebe wa poda kwa mguu. 

Ndipo yule msichana akainuka taratibu. Akachota poda mkebeni kwa viganja viwili, akammwagia Ricky kichwani.

"Na weye upate, mwaka ya kesho!"

Poda ikamshuka Ricky mpaka kwenye panga.

Kisha bariere nzima ikalipuka. "Ricky diplômé! Ricky diplômé!" Walipiga mapanga chini kwa kicheko, wakaanza kucheza, na Ricky, mweupe mpaka kwenye nyusi, akakosa namna, akacheka pia.

"Toeni gogo!"

Nikaachia klachi kwa pupa. Injini ikazima.

Nilifumba macho.

"Papa, mashini yako mubaya," nikamsikia akisema. "Bana, sukumeni!"

Wakatusukuma. Vijana kumi wa bariere, na Ricky katikati, bega lake limegusa magoti ya msichana aliyemwagia poda. Walisukuma mpaka gari likawaka, wakatupungia mikono.

Kilomita zote hizo niling'ang'ania usukani. Suzanne naye alishika mlango kwa mikono miwili mpaka tukaliona kanisa la misheni ya Kapolowe.

Nikazima injini. Wakashuka. Nikahesabu, ni tabia yangu.

Saba.

Yule wa pembeni alikuja mbele yangu, akajifuta uso kwa kanga ya Suzanne.

Alikuwa Alphonsine, binti wa Mwalimu Léon.

Siku wazazi wake walipotolewa hakuwa nyumbani. Aliporudi alikuta nyumba haina mlango, na treni imeshaondoka. Akakimbilia kwa Elikia. Siku kumi na nane alikuwa ndani ya bwayeri yangu, akikoholea kwenye mto, na nilipokuwa mbele nikipiga manivela, alipanda nyuma na poda yake. Masista wa misheni walikuwa wameshakubali kumfikisha kwa mjomba wake Lubumbashi, na kutoka pale kwa wazazi wake.

Niliogopa kuliko pale bariere. Nikampandia Suzanne juu.

"Unataka batuue? Namba iko ku mlango! Kama yule kijana angemutambua? Ungeniambia!"

Suzanne alikuwa akipangusa poda mikononi.

"Kama ningekuambia, ungeendesha?"

Nikaanza kukagua matairi.

Yalikuwa mazima.

"Ulifunga dirisha, Éphraïm," akasema polepole. "Nilikuwa nyuma yako."

Elikia alikuwa bado anatazama chini.

"Papa, iko kintu ingine. Diploma... minye nilianguka. Alphonsine njo mwenye alipata. Asilimia sitini na moja. Tulikuwa tunatafuta fête yenye poda. Bila poda asingepita."

Mama yangu Madeleine alikuwa ameshatoka nje na fimbo yake, anauliza mwenye diploma ni yupi, ambariki. Watoto wote wakanitazama mimi.

"Ni huyu," nikasema. Nikamshika Alphonsine bega. Ndilo tendo pekee la siku ile nililolifanya kwa kujua.

Tulirudi Likasi kabla ya giza. Bariere wakatupigia makofi. Ricky, akiona hatukuhama, alifuta namba mlangoni mwangu siku ya tatu, akaniomba munkoyo.

Mwaka 1994 ikaja barua kutoka Mwene-Ditu, huko Kasai. Mwalimu Léon aliituma kwa mchungaji wetu, na mchungaji akaisoma kanisani, mbele ya watu wote. Ilisema Éphraïm, mwanafunzi wake wa jioni, aliweka roho yake hatarini kumwokoa mtoto wa mtu mwingine. Ilisema hajawahi kufundisha mtu shujaa kama mimi.

Watu walisimama. Walipiga makofi. Nami nilisimama, nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Suzanne alikuwa pembeni yangu. Alipiga makofi pamoja nao.

Miezi miwili nilitembea na sifa hiyo mtaani. Watu waliniachia kiti. Niliogopa kila mtu aliyenisalimia, nikidhani huyu anajua. Woga huo ulinila kuliko ule wa bariere, kwa sababu wa bariere ulidumu dakika kumi.

Basi nikaketi mezani nikaandika. Nilimwambia Mwalimu kwamba nilifunga dirisha. Kwamba niliendesha gari bila kujua, na ningejua nisingeliendesha. Kwamba shujaa ni Suzanne, aliyetoa cherehani yake, na Elikia, aliyekubali kuonekana amefaulu huku anajua ameanguka. Kwamba mabati yaliyo juu yangu huenda ni yake.

Ninyi mnaonisoma, sina mafunzo mengi. Ukipigiwa makofi ya kazi ya mwingine, yarudishe mapema, mwenye kazi akiwa bado hai ayasikie. Mimi nilichelewa miezi miwili, na mke wangu aliihesabu yote.

Nilimsomea Suzanne barua kabla ya kuikunja. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Umesahau kuandika breki," akaenda kunikatia kibonge cha bukari, ugali wetu, maana gundi hatukuwa nayo.

Nikaipaka bukari pembeni mwa bahasha, nikaikandamiza kwa kidole gumba mpaka ikashika. Djibril alikuwa anasafiri na bidhaa zake kwenda Mwene-Ditu. Nilikimbia nayo hadi stesheni, nikampitishia dirishani mwa behewa, na treni ikaondoka.