Karani Asiyeinua Macho

Nakumbuka alasiri moja ya Alhamisi, uani kwangu Temeke, zamani za Mwingereza, vita vya pili vya Wazungu vimekwisha. Waliokuwapo nawataja ili pasiwe na ubishi. Alikuwapo Zuhura, mdogo wangu wa tumbo moja. Alikuwapo Mama Sikudhani, jirani wa ukuta kwa ukuta, na wanawake wengine wa mtaani walionishonea makuti. Na alikuwapo karani wangu Idrisa, mtoto wa rafiki yake marehemu baba, amekaa kwenye meza na kalamu yake ya wino. Tatu hakuwapo. Tatu binti Selemani, mshonaji wangu hodari, tulikuwa tumemzika Jumatatu.

Mwanangu, ngoja nirudi nyuma kidogo, usije ukapotea njia. Mie nilikuwa mshonaji tu, namshonea dalali mmoja wa mjini. Unakunja jani la mnazi juu ya ufito, unashona kwa ukindu, unapanga, dalali anachukua. Nilipoachika nikasema, kwa nini nisichukue kazi mwenyewe? Mzee Nasoro alikuwa anajenga nyumba za kupangisha, akanipa kandarasi ya makuti ya mapaa yote. Sharti lake lilikuwa moja: makuti yawe juu kabla ya masika. Nikichelewa, kazi inarudi kwa dalali, na mie narudi kuwa mtumishi wake, safari hii na kicheko juu.

Shule sikwenda, nilisoma juzuu tu. Mzee Nasoro alitaka kila kitu kwenye karatasi, kwa hiyo nikatafuta karani. Walikuja wawili. Mmoja Yohana, mtu wa bara, Mkristo, shati lina kiraka, Kiswahili chake kinatuchekesha. Wa pili Idrisa, kanzu imepigwa pasi, mwandiko kama umechorwa. Nikamchukua Idrisa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sisemi alikuwa mwizi, hasha. Senti yangu hakuila. Ila alikuwaga na tabia moja: hainui macho. Anaita jina huku anatazama karatasi, anasikia "Abee," anatazama karatasi, ananyoosha mkono na ujira, anatazama karatasi. Zuhura alikuwa akimtania, "Kaka Idrisa, siku ukioa, mkeo itabidi aje na cheti, vinginevyo hutamjua." Wanawake wanacheka, yeye anachovya kalamu.

Basi Alhamisi ile, siku ya malipo, akaita majina, mmoja mmoja. Mara tukasikia, "Tatu binti Selemani."

Tukatazamana. Hakuna aliyemwambia karani. Mie nilidhani Zuhura kamwambia, Zuhura alidhani mie, na sote siku zile tulikuwa matangani. Nilifungua mdomo niseme, "Karani, huyo ni marehemu."

"Abee," ikaitika sauti kabla sijatamka.

Ilitoka nyuma, kwenye rundo la majani tuliyoyalowesha, pale alipokuwa akikaa Tatu kushona. Jua lilikuwa linawaka, mwanangu, si usiku huo. Idrisa akanyoosha mkono wake na ujira wa Tatu, akaurudisha mtupu, akaweka alama yake. Zamu ya Mama Sikudhani ilikuwa inafuata. Hakusogea. Alikuwa ameshika kanga yake mdomoni.

"Umempa nani?" nikamuuliza Idrisa.

"Tatu."

"Umemwona?"

"Ameitika, dada. Akaweka kiganja, nikampa." Kisha akafikiri kidogo. "Kilikuwa cha baridi."

Chini ya meza tulitafuta, hapakuwa na hata senti.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, hatufanyi kazi. Jumamosi alikuja Zuhura peke yake. Mlango wa Mama Sikudhani ulikuwa umefungwa, nikabisha, akanijibu kwa ndani, "Mwenzangu, mie nashona kwa ajili ya walio hai." Majani yakakauka uani. Na upande wa baharini mawingu yalishaanza kujikusanya. Niliona kandarasi inanitoka mikononi.

Nikaenda Msasani kwa somo wangu, Bi Mwanahawa, aliyenicheza ngoma nilipovunja ungo. Nilitaka anipeleke kwa mganga wa kufukuza pepo. Akanisikiliza mpaka mwisho, anachambua mchele.

"Karani mlimwambia kwamba Tatu amekufa?"

"Hapana, somo."

"Na yeye alikuwa anamjua Tatu?"

"Hata sura yake haijui."

"Basi usimsingizie pepo. Umeajiri mtu anayelipa viganja, halafu unashangaa kiganja kimekuja! Na mama yake Tatu, jasho la mwanawe limemfikia?"

Nikainamia ule mchele wake.

"Alaa! Bibi kandarasi!" akasema, na lile neno lilinichoma kuliko kofi. "Maiti halipwi mezani, mwanangu. Haki yake ina njia yake, na njia yenyewe ni wewe."

Akavaa baibui, tukarudi wote Temeke. Kwanza tukaenda kwa Bi Mwajuma, mama yake Tatu, nikamkabidhi ujira wa mwanawe kutoka mfukoni mwangu. Kisha somo akapita nyumba kwa nyumba akiwabembeleza wanawake, na kwa heshima yake wakarudi, shingo upande.

Alhamisi iliyofuata somo akaketi ubavuni mwa Idrisa. "Inua macho. Mtazame mtu, ndipo umlipe." Akafanya hivyo, aibu imemjaa, anawaona wale wanawake kama ndiyo kwanza wamefika. Alipofika kwenye jina la Tatu akamuuliza somo, "Bibi, hili nilifute?"

"Liite kwanza," somo akamwambia.

Akaliita.

"Abee."

Idrisa akainua macho. Sie tuliona meza na mchanga, basi. Yeye uso ulimbadilika, akasema taratibu, kama mtu anayemwonea mwenzake huruma, "Mbona umelowa hivyo?"

Somo akageukia pale alipotazama karani. "Tatu, mtoto wa Mwajuma, haki yako anayo mama yako. Nenda, mwanangu, kazi imekwisha." Kisha akamgeukia karani. "Sasa futa."

Akafuta. Mbele ya meza mchanga ulikuwa na majimaji, duara dogo, kama mahali aliposimama mtu anayechuruzika. Tuliutazama mpaka ukakauka.

Jina lile halikuitwa tena, wala hapakuwa na aliyeitika. Mapaa yaliezekwa, mvua ya kwanza ikayakuta. Idrisa alimaliza mwezi akaomba ruhusa, sikumzuia. Nikamfuata Yohana, nikamwomba radhi kwa vile vicheko. Siku ya kwanza, kabla hajashika kalamu, alizunguka ua mzima akiuliza, "Wewe nani? Kwenu wapi? Mtoto anaendeleaje?"

Sasa mwanangu, wewe unayetaka kuacha kazi ya tajiri ujitegemee, nisikilize. Ulipoajiriwa, mwingine aliwajua watu kwa niaba yako. Ukiwa na kazi yako, hilo liko shingoni mwako. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ni kweli, tafuta mtu wa hesabu mapema. Lakini usimchague kwa mwandiko wala kwa kanzu. Mwangalie anavyowaangalia watu wako. Asiyeuliza, mwogope. Naye mwambie mwenyewe kila kinachobadilika, aliyeingia, aliyetoka, aliyekufa. Usidhani mwingine kamwambia. Na jasho la mtu lifikishe kwa mwenyewe, asipokuwapo lifikishe kwa wake, upesi.

Mungu akupe mikono ya kufanya kazi na macho ya kuwaona wanaokufanyia. Akuepushe na haki ya mtu, hai au mfu.

Majina nimeyataja kama ninavyoyakumbuka. Nikiwa nimekosea la mtu, au kama yuko aliyekuwa uani siku ile akaona zaidi ya nilivyoona mie, aje anisahihishe. Mlango wangu haufungwi.