Bima ya Kiti cha Kushoto

Mwezi ule bima ya gari langu ilipokaribia kuisha, sikuweza kutulia. Chai nilikunywa nimesimama. Kanisani nilitoka nje mara mbili kuangalia stika kwenye kioo, kana kwamba ningeikodolea macho tarehe ingesogea. Nina miaka sabini na minne. Nilifundisha darasa la kwanza mpaka nikastaafu, na gari langu ni dogo, kuukuu, rangi imeliwa na jua la huku kwetu Gatuanyaga, lakini ukiligusa tu linawaka. Wangapi wa rika langu wanawaka hivyo asubuhi?

Mwanangu anayeishi Ruiru alikuwa amenipigia mimi mama yake simu wiki nzima. "Maitu, chukua thadi pati tu, umalize. Gari yenyewe imezeeka." Thadi pati ni ile bima ndogo, inayomlipa uliyemgonga, gari lako likiharibika, shauri yako. Kisha kila mara, kabla ya kukata simu, aliteremsha sauti: "Ama uiuze." Aii! Niuze miguu yangu nibaki nimekaa nikihesabu mbuzi wa watu?

Asichokielewa mwanangu ni jirani yangu. Ni mjane, figo zake zimekataa kazi, na kila Jumanne na Ijumaa lazima afike hospitali Thika aunganishwe na mashine ya kusafisha damu. Mimi ndiye humpeleka. Na hajawahi hata siku moja kuingia kwa gari langu mikono mitupu. Anakuja na trei ya mayai ya kuku wake, anaipakata mapajani barabara nzima, tukirudi anaiacha kwenye kiti. "Ya mafuta, mwalimu," anasema, anafunga mlango. Huku kwetu ndivyo ilivyo. Mwenye parachichi huacha parachichi, mwenye ndizi huacha ndizi, na hakuna anayemshukuru mwenzake kwa mdomo.

Basi nikaenda Ruiru, kwa ajenti wa bima. Nilimkuta msichana mpole, kucha ndefu.

"Shosho, nani atakuwa akiendesha?"

"Mimi."

"Namaanisha, kila siku."

"Mimi, kila siku."

Akatabasamu. Akanieleza kwamba kampuni yao, ukishapita sabini, inataka barua ya daktari wa macho. Na nikipata ajali, ile sehemu ninayotoa mfukoni mwangu kabla wao hawajatoa yao, kwangu itakuwa kubwa kuliko ya wengine.

"Kwani nimewahi kugonga hata kuku?"

"Si wewe, shosho. Ni umri."

"Na huo umri ni wa nani kama si wangu?"

Alicheka, nami nikacheka, ingawa nilikuwa nimekasirika mpaka masikio yanawaka. Nilimwambia nataka ile bima kubwa, inayolinda mpaka gari langu mwenyewe, na aniongezee ulinzi wa abiria. Akauliza abiria ni nani. Nikajidai. Nikamweleza habari za jirani yangu, mashine, mpaka mayai.

Aliiweka kalamu mezani. "Shosho, hayo ya mayai usiseme."

"Kwa nini?"

"Hii ni bima ya gari ya kibinafsi. Abiria akitoa kitu ndiyo abebwe, kampuni inaweza kusema hiyo ni biashara, ikakataa kumlipa. Mkipata ajali, mtu wao atamfuata mpaka hospitali amuulize alikuwa anakulipa nini. Mwambie aseme hakupi kitu."

Ngai! Huyo msichana hamjui jirani yangu. Akizidishiwa chenji dukani, anarudi nayo kutoka nyumbani, na miguu yake imevimba hivyo. Kumwambia adanganye ni sawa na kumwambia avue nguo sokoni. Nikapimwa macho hapo Ruiru, nikarudi na barua, nikalipia ile bima kubwa, nikaendesha mpaka nyumbani nikiwaza ya mayai tu.

Jumanne akaja na trei yake. Nilimzuia mlangoni.

"Leo rudisha mayai nyumbani."

"Haiya. Yameoza?"

"Hayajaoza."

Nikamweleza polepole, nilivyokuwa nikieleza darasa la kwanza. Akasikiliza mpaka mwisho, trei mikononi.

"Kwa hivyo unibebe bure."

"Ndiyo ulindwe. Ukiumia ulipwe."

"Unibebe kama maskini wa kanisa." Akanitazama. "Mimi nina kuku ishirini, mwalimu."

Aligeuka, akaenda barabarani na mayai yake, akasimamisha bodaboda. Mtu aliyekuwa akishindwa kupanda ngazi za zahanati! Nilipiga honi, hakugeuka. Nikawasha gari, nikawafuata. Kutoka Gatuanyaga mpaka lami nilikula vumbi la pikipiki hiyo, nikimwona mgongo wake ukirushwa kila shimo, trei ameikumbatia kwa mkono mmoja. Nilimtukana kwa sauti, peke yangu ndani ya gari, kwa Kikuyu maana Kiswahili hakikutosha. Kando yangu kiti cha kushoto kilikuwa kitupu, kimelipiwa bima ya mwaka mzima.

Alipoingia hospitali sikumfuata. Nilizunguka maegesho. Nilikaa garini, nikatoka, nikanunua njugu, sikuzila, mpaka askari wa lango akaniuliza kama nimepoteza kitu. Niliogopa. Niliogopa Ijumaa ataona aibu zaidi, na Jumanne nyingine ataamua kubaki nyumbani na kuku wake, na kwa ugonjwa ule mtu akibaki nyumbani harudi. Na nitasema yote: niliogopa pia kuwa asipopanda, mwanangu ana haki ya kusema gari liuzwe. Mimi sina kwingine kwa kwenda.

Alitoka saa za alasiri, uso umekuwa wa majivu, bila trei. Baadaye nilisikia aliwagawia manesi. Mwenye boda aliisogeza pikipiki mpaka miguuni pake. Jirani yangu akashika kiti cha pikipiki, akainua mguu, haukupanda. Akajaribu tena. Kisha akasimama tu hapo, ameshikilia, akanitazama ng'ambo ya maegesho.

"Mwalimu," akasema. "Kuna nafasi?"

"Iko."

Nilimfunga mkanda mwenyewe. Tulipita Thika mjini. Tulipoacha lami akauliza, "Tukianguka na huyo mtu wa bima aje, niseme nini?"

"Sema ukweli."

"Basi nitasema sikulipi kitu. Itaniuma kuliko ile sindano, lakini itakuwa ukweli."

Niliendesha polepole nikikwepa mashimo. Mikono yake alikuwa ameiweka mapajani, imefunguka kidogo, pale trei hukaa, na kila shimo ilikazana kama inayozuia kitu kisivunjike. Kwake nilishuka, nikamfungulia mlango. Alisimama muda akiangalia kiti alichokiacha, hakina kitu.

"Asante," akasema.

Miaka yote ile sikuwa nimewahi kuisikia kwake. Alilitamka neno hilo kwa sauti ndogo, ameinamisha kichwa, kama mgeni. Nilirudi garini nikalia.