Sarafu Ambazo Romana Hakuzipeleka Tanuruni

Kwa miaka mingi, ukitoka soko la Babati kwenda Bagara, ulipita kando ya uzio wa mabati yenye kutu, na ndani yake ungemwona mwanamke amesimama katikati ya vyuma. Majembe yaliyokatika, rimu za baiskeli, sufuria zilizotoboka, injini za mashine za kusaga. Huyo alikuwa Romana, ambaye sisi majirani tulimwita Mama Jacqueline kwa jina la binti yake. Alinunua vyuma chakavu. Watu walileta, yeye akapima kwenye mizani, akalipa, na lori lilipokuja lilibeba kila kitu kwenda kuyeyushwa kiwandani.

Aliianza kazi hiyo akiwa mjane kijana, mtoto bado mgongoni. Watu walisema kazi ya vyuma si ya mwanamke. Aliwaacha waseme, akaendelea kupima.

Siku moja mzee mmoja kutoka Mutuka alimletea debe la shaba: vipande vya bomba, koki, bangili zilizovunjika. Romana alipomimina debe lile kwenye mizani, kitu kidogo chenye tundu katikati kilibingirika mpaka miguuni kwake. Akakiokota, akakifuta kwa kanga. Ilikuwa sarafu ya senti kumi ya wakati wa Mwingereza, yenye pembe za ndovu zilizozunguka lile tundu.

Alishindwa kuirudisha kwenye mizani. Alinisimulia hayo mwenyewe, tumekaa barazani kwake tunachambua maharage. "Niliona kama nimeshika mkono wa mtu," alisema. "Nikajiuliza, nani alinunua chumvi kwa hii? Nani aliifunga kwenye pindo la nguo, akatembea nayo mpaka dukani? Wote wamekufa. Yenyewe ipo. Na mimi ndiye niipeleke ikayeyushwe iwe koki ya bomba?"

Alimlipa mzee yule sarafu yake pembeni, akaitia mfukoni.

Tangu siku ile hakuna sarafu iliyopita kwenye uzio ule ikafika kwenye lori. Habari zilienea, na watu wa Dareda na Galapo walipokuja na vyuma vyao walimletea pia sarafu walizookota shambani au kuzikuta ndani ya vyungu vya bibi zao. Alizihifadhi katika makopo ya maziwa ya unga. Jumapili, akitoka kanisani, alitandika kitambaa mezani, akazimwaga na kuziangalia. Zilikuwepo zenye mbuni na zenye sungura za baada ya uhuru, zenye simba za Mwingereza, na nyingine za zamani zaidi, zenye taji na maandishi asiyoweza kuyasoma. Hakujua thamani ya hata moja. Aliziangalia tu, kama mtu anavyoangalia mvua ikinyesha ziwani.

Magoti yalipoanza kumsumbua aliuza eneo la vyuma, akabaki nyumbani na makopo yake. Jacqueline, ambaye sasa ni mwalimu wa sekondari hapa mjini, alipoulizwa kama atazirithi, alisema kweli.

"Mama, zitakaa kabatini tu. Nitakapohama zitapotea. Siwezi kukudanganya."

Romana hakukasirika. "Basi nitaziuza mwenyewe nikiwa hai," alisema. "Nijue zinakwenda kwa nani."

Aliona kuuza ni jambo rahisi. Maishani mwake alikuwa ameuza tani na tani za chuma. Akachukua kopo moja, akaenda kwa sonara karibu na stendi. Sonara alizipanga kwa rangi, zile za fedha akazitenga, akazipima uzito na kutaja bei. Bei haikuwa mbaya.

"Utazifanya nini?" Romana akauliza.

"Nitazichoma, mama. Hereni na pete."

Romana alizirudisha kwenye kopo moja moja, akaaga kwa upole, akapanda bajaji kurudi nyumbani. Njia hiyo aliifunga.

Kisha akaja mtu mmoja aitwaye Damasi, mgeni mjini, amevaa suti, aliyesema ananunua rupia za Mjerumani kwa mamilioni. Alitoa punje za mchele kwenye karatasi, akazipanga mezani na kusogeza karibu yake sarafu moja baada ya nyingine. Rupia ya kweli, alisema, huvuta mchele. Romana alimtazama mpaka kopo zima likaisha. Mchele haukusogea.

"Niachie nizipeleke zikapimwe kwa mtaalamu," Damasi akasema.

"Baba," Romana akamjibu, "nimeuza vyuma maisha yangu yote. Sumaku inavuta chuma. Mchele unavutwa na njaa." Akamkusanyia punje zake, akamrudishia.

Jacqueline akaona afadhali ajaribu mtandaoni. Ili picha zitoke vizuri, siku moja mama yake akiwa kanisani, alichukua baadhi ya sarafu akazisugua kwa majivu na ndimu mpaka zikang'aa kama vijiko vipya. Akazipiga picha, akaziweka kwenye kundi la watu wa biashara. Ujumbe ulimiminika. Wengi waliuliza kama zina zebaki, wengine kama zinavuta mchele. Katikati ya hayo yote kulikuwa na ujumbe mfupi wa mtu aliyejiita Mustapha, wa Arusha. Aliandika hivi: "Naomba sana mtu yeyote asizisugue tena. Nitakuja kuziona."

Mustapha alifika wiki iliyofuata kwa basi. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, fundi wa saa aliyekusanya sarafu tangu ujana wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Hujaja na mchele?"

Mustapha akacheka mpaka akavua miwani. Aliomba maji ya kunawa, akakausha mikono vizuri, na kila sarafu akaishika kwa kingo zake tu, bila kugusa uso wake. Romana aliliona hilo. Zile zilizosuguliwa Mustapha aliziweka kando kwa masikitiko, akaeleza kwamba wakusanyaji wanaupenda ule weusi wa miaka, na ukiuondoa haurudi. Jacqueline, aliyekuwa akimimina chai, aliinamisha kichwa. Mama yake akamgusa mkono, akamwambia aketi naye aangalie.

Mustapha aliendelea na nyingine. Mara akasimama kabisa. Mkononi alikuwa na sarafu mbili zilizofanana, zenye taji na mwaka 1916, moja ya shaba ya njano, nyingine ya shaba nyekundu.

"Mama, hizi unazijua?"

"Naona zimetengenezwa vibaya. Nilifikiri ni za bandia."

Mustapha alimpa lenzi ndogo ya fundi saa, akamwonyesha namna ya kuisogeza jichoni. Romana hakuwahi kuangalia sarafu zake kwa lenzi. Kitu alichokijua kwa upana wa kidole kikawa kiwanja kizima. Aliona taji limeinama kidogo. Aliona herufi zisizo sawa, na mikwaruzo ya kifaa cha mtu aliyekata mchoro kwa mkono, tena kwa haraka.

"Ilikuwa wakati wa vita ile ya kwanza ya dunia," Mustapha akasema. "Meli za Mjerumani zilizuiwa, pesa kutoka kwao haikuja tena. Hawakuwa na sarafu za kulipa askari wala wapagazi. Wakatengeneza zao hapahapa, Tabora, kwenye karakana ya reli. Hizi ni heller ishirini. Ndiyo hiyo hela unayoitaja kila siku."

"Shaba waliitoa wapi?"

"Waliokota. Maganda ya risasi, mabomba, koki, chochote kilichopatikana. Wakayeyusha."

Romana alishusha lenzi. Jacqueline anasema hajawahi kumwona mama yake vile. Alikaa, macho yake yamejaa machozi, sarafu iko kwenye kiganja.

"Vyuma chakavu," alisema mwishowe. "Hii ni vyuma chakavu."

"Ndiyo, mama."

"Mtu kama mimi alipima. Mtu akaleta, mtu akapima, wakayeyusha, ikawa pesa. Halafu ikazunguka nchi yote, ikaja kuingia kwenye debe langu." Akairudisha lenzi jichoni, akaangalia tena kwa muda mrefu.

Chai ilipoa. Ndipo Mustapha akamweleza njia zilizopo. Angeweza kununua zote palepale kwa bei moja, lakini naye angehitaji faida yake. Angeweza kumsaidia kuziuza moja moja kwa wakusanyaji anaowafahamu, kazi ya miezi na pengine miaka. Au zile chache nzuri zipelekwe kwenye mnada wa nje, ambako wenye mnada wanakata kamisheni na muuzaji anasubiri.

"Ungekuwa mimi, ungefanyaje?" Romana akauliza.

"Za kawaida niuzie mimi, nazitaka. Hizi mbili ni za aina adimu sana, sina uwezo nazo. Nikizinunua kwa uwezo wangu nitakuwa nimekuibia."

Romana alimwangalia kama alivyozoea kuangalia mizani ikitulia. Kisha akakubali.

Haikuwa haraka. Kwanza walikwenda kuwauliza watu wa malikale, wanaosimamia vitu vya kale, kama sarafu hizo zinaruhusiwa kutoka nchini, wakaambiwa wasubiri, wakasubiri mpaka kibali kikaja. Sarafu zikasafiri. Siku ya mnada, asubuhi, nilialikwa barazani. Jacqueline aliegemeza simu kwenye chupa ya chai ili sote tuone. Ile ya njano iliuzwa kwanza. Picha ya ile ya shaba nyekundu ilipotokea, kubwa, inang'aa kwa weusi wake, Romana alijifunga kanga vizuri kana kwamba mgeni ameingia.

Bei ilianza chini. Ikapanda. Mtu wa nchi moja alitaja yake, wa nchi nyingine akaipita, na wa tatu akaingia kati. Tulikuwa tunatazama watu tusiowajua, huko waliko labda theluji inaanguka, wakigombea kitu kilicholala kwenye kopo la maziwa hapa Bagara. Kuku walipita chini ya viti vyetu na hakuna aliyewafukuza. Ilipogongwa nyundo ya mwisho, bei ilikuwa imepita mauzo ya lori zima la vyuma, na Romana hakuuliza ni shilingi ngapi. Aliuliza, "Aliyeinunua ni nani?"

Mustapha alimpata mnunuzi kwa simu jioni hiyo, kupitia wenye mnada. Alikuwa mwalimu mstaafu, naye ana binti mmoja.

Pesa ilipoingia, Romana alitengeneza choo kipya na kuezeka upya jiko, akatoa sadaka yake kanisani. Kisha akamwambia Jacqueline kwamba anataka kwenda Tabora. Hakuwa na ndugu kule. Walipanda basi, wakapita Singida na Nzega, Romana akiwa dirishani njia nzima, magoti yamefungwa kwa kitenge.

Mlinzi wa reli waliyemkuta stesheni ya Tabora alikuwa kijana aitwaye Xaveri. Aliwauliza kwa heshima wanatafuta nini. Romana akamweleza kwamba zamani kulikuwa na karakana iliyotengeneza pesa wakati wa vita. Kijana hakuwahi kusikia. Aliwapeleka hata hivyo, wakafuata reli mpaka mahali ambapo mzee mmoja wa pale alisema huenda ndipo. Palikuwa na majani, mawe machache yaliyopangika, na upepo.

"Hakuna kitu, mama," Xaveri akasema, kama anayeomba radhi.

Romana alivua viatu, akaingia kwenye majani taratibu kwa ajili ya magoti yake, akasimama katikati ya yale mawe. Jacqueline alimfuata, akamshika mkono. Walikaa pale mpaka treni ya mizigo ikapita, ndefu, mabehewa yakigongana, na ardhi ikatetemeka chini ya nyayo zao.