Biashara Yangu ya Sahani

Wiki iliyopita jirani yangu mpya hapa Pemba, ya Msumbiji, aliniletea vitumbua. Alimtuma binti yake mdogo, kaja na sahani imefunikwa, kapiga hodi vizuri, nikasema moyoni alhamdulillahi, kumbe watu bado wapo. Nikapokea. Mtoto akabaki amesimama pale pale. "Kuna jingine, mwanangu?" Akasema, "Mama kasema nisubiri sahani." Haya. Nikahamisha vitumbua, nikaisuuza sahani, nikaanza kuhangaika jikoni kutafuta cha kutia. Mtoto akanyoosha mkono: "Mama kasema usitie kitu." Nikampa sahani tupu, akaenda zake akirukaruka. Vitumbua vilikuwa vitamu, iliki imekolea, lakini nilivila nimekunja uso, na siku nzima sikujielewa.

Wewe uliyekulia kwetu hutanishangaa. Kule Quiterajo sahani ya mtu hairudi tupu. Umeletewa mchuzi leo, sahani inakaa kwako siku moja, mbili, kisha inarudi na chochote: konzi ya mchele, mayai mawili, kipande cha muhogo, sukari kidogo ndani ya karatasi. Hakuna anayepima, na hakuna anayesahau. Bibi yangu, aliyenilea, alikuwa na sahani sita za bati zenye maua ukingoni, na sijui kama ziliwahi kulala nyumbani zote sita kwa pamoja.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka kumi, na roho yangu yote ilikuwa kwenye pasta. Begi la shule hilo, jekundu, zipu mbili, lilining'inia kwenye banka, ile meza ya biashara ya bwana mmoja muuza sukari na sabuni. Bei yake metikali mia tatu, pesa yetu ya Msumbiji. Masika yaliyopita mvua ilininyeshea madaftari ndani ya mfuko wa plastiki, wino ukasambaa wote, na profesori akayainua mbele ya darasa kwa ncha za vidole, akauliza kama nimeandika au nimefua. Watoto walicheka hadi wakashika mbavu. Nikaapa kwamba shule ikifunguliwa tena, nitaingia na pasta mgongoni.

Lakini nani kwetu anampa mtoto pesa? Nilimkunia nazi mama muuza vitumbua asubuhi tatu, akanilipa vitumbua. Nilimtekea maji mke wa imamu, akanilipa dua. "Mungu akukuze, mwanangu." Kukua nilikua, pesa sikuiona.

Basi likaja bamvua, zile siku maji yanapokupwa mpaka mbali na wanawake wote hushuka mwambani na vikapu kuokota kome na tondo. Nami nikashuka, nikarudi miguu imechanjwa na miamba na kikapu kimejaa. Bibi akachemsha tondo, akazitia tui la nazi, akapakua sahani moja. "Mpelekee somo wangu."

Huyo somo alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya ua, mjane, na mtoto wake mmoja tu ameolewa Mute, kijiji cha kaskazini. Yeye na bibi walitolewa unyago siku moja, na tangu siku hiyo wakawa wanaitana somo. Kila alasiri alikuja na ukili wake, akakaa mkekani, wakasuka na kusengenya hadi adhana. Mimi aliniita mke mwenzangu. "Mke mwenzangu, leo umempikia nini mume wetu?" Na babu alikuwa ameshakufa zamani.

Kesho yake sahani ikarudi na mchele. Nikaukodolea macho ule mchele. Tondo nimeziokota bure baharini. Mchele unauzwa kwenye banka. Ee! Nikajiona nimegundua kitu ambacho watu wazima wote wa kijiji kile, pamoja na ndevu zao, hawakukiona.

Bibi alipokwenda shamba nikachemsha tondo mwenyewe, nikapakua sahani tano, nikazigawa nyumba tano. "Bibi anawasalimu." Bibi hana habari. Kufikia kesho kutwa zilikuwa zimerudi: mchele, sukari, mayai, kipande cha papa mkavu. Mayai niliyaficha ndani ya kanga, vingine nikavibeba kwenye kikapu, moja kwa moja hadi kwa bwana wa banka. Aliniuliza vimetoka wapi, nikamwambia nyumbani, naye akanipa metikali arobaini na tano bila kuuliza zaidi. Nilizifukia chini ya mtungi wa maji. Bamvua lililofuata nikarudia, na lililofuata nikarudia tena, kila mara nikipata zaidi.

Sasa sikiliza mkanganyiko ulioanza. Watu wale hawakungoja tondo zangu. Wakaanza kuleta sahani zao wenyewe! Leo huyu kaleta mbaazi, kesho yule kaleta mkate wa kumimina, na kila sahani inamkuta bibi nyumbani, na bibi ni lazima aijaze. Alikuwa haelewi kabisa. "Watu wa mwaka huu wameingiwa na nini? Ukarimu umewapanda kichwani?" Akachota mchele kwenye pipa, akachota tena, mpaka nikasikia kata inakwaruza chini. Mimi naingiza kwa mlango wa nyuma, yeye anatoa kwa mlango wa mbele. Nilipiga hesabu kwa vidole, nikapiga tena, nikashindwa kujua kama tunatajirika au tunafilisika.

Katika awamu ya tatu nilimpelekea na yule somo wa bibi. Sahani yake haikurudi. Siku tatu, nne, kimya. Nikaenda. "Bibi, nimefuata sahani." Akasema kesho. Nikaenda tena, akasema kesho. Mara ya tatu nilimkuta na wanawake wenzake wanatwanga, nami nikapaza sauti kama mdai wa kodi: "Bibi, sahani yetu bado?" Mwanamke mmoja akacheka, wengine wakainamia vinu vyao. "Kesho, mke mwenzangu," akasema. Lakini hakunitazama, na alasiri ile hakuja mkekani, wala ile iliyofuata.

Siku ya tatu akaileta mwenyewe, bibi yuko shamba. Kunde, kama vibaba viwili, zimejaa majivu. Nikasema loo, bibi huyu hata usafi hana. Nikaziosha vizuri mara mbili, nikazianika kidogo, nikaziuza metikali ishirini. Jumla nikawa na mia mbili na kumi. Pasta niliiona inanijia.

Bibi aliporudi aliiona sahani. "Aa, somo kaja! Kaleta nini?" Nikamwambia kunde, tena chafu, zina majivu, lakini nimezisafisha. Bibi alikuwa bado na jembe begani. Alilishusha polepole, akakaa chini, pale pale uani.

"Ziko wapi?"

Nikamweleza yote, maana uso ule haukuwa wa kudanganywa. Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alisema, "Kunde za majivu haziliwi, mwanangu. Majivu ni ya kuzuia wadudu. Ile ni mbegu. Somo wangu hakuwa na kitu kingine ndani, akatutilia shamba lake kwenye sahani."

Alikwenda mbio kwa bwana wa banka. Kunde zilishauzwa, na aliyezinunua alishazipika. Mia mbili na kumi zangu zikanunua mchele wa kurudisha kwenye pipa. Nililia sana siku ile, na nitakwambia ukweli, nililia kwa ajili ya pasta.

Nilidhani bibi atachota mbegu zake ampelekee mwenzake, yaishe. Nikamwuliza mbona hafanyi hivyo. "Nikimpelekea, nitakuwa nimemwambia kwamba najua hana." Badala yake alinishika mkono tukavuka ua, na pale mlangoni akaanza kulalama kama mgonjwa. "Somo, mgongo wangu umenikatika. Mbegu za kunde ninazo, wa kuzitia ardhini sina. Nipandie wewe shambani kwako, tutagawana nusu kwa nusu. Nisaidie, mwenzangu, nitaaibika." Mgongo wa bibi ulikuwa mzima kuliko wangu! Jirani aliutazama ule mgongo. Halafu akacheka, kicheko kile chake cha puani. "Mvivu wewe tangu unyagoni." Alasiri ile akarudi mkekani na ukili wake, na mimi nikawa tena mke mwenzake.

Tulipobaki wawili bibi akaniambia, "Sasa sisi ndio tunaodaiwa. Deni hili lisikuwashe. Liache likae."

Likae? Mvua zilianza, nikawa kila siku namwona yule bibi ameinama shambani, anapanda, anapalilia, kwa ajili yetu. Na chuoni, kule madrasa, mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba roho ya mtu hufungwa na deni lake. Nikawa naogopa kwa ajili ya roho ya bibi. Nimeshapata dhambi kwa kudai, sasa nipate nyingine kwa kutolipa? Wakati huo huo ikatokea harusi, nikakuna nazi kutwa nzima hadi vidole vikachubuka, na bwana harusi, Mungu ambariki, akanipa noti ya hamsini. Pesa yangu ya kwanza ya halali.

Nikaenda nayo shambani. "Bibi, shikeni. Ni malipo yenu ya kutulimia kunde zetu." Alifuta mkono kwenye kanga, akaipokea ile noti, akaigeuza upande huu na upande ule.

"Bibi yako ndiye kakutuma?"

Nikasema ndiyo. Nilitaka sifa zimwendee bibi. Wallahi sikuwa na nia nyingine.

"Haya. Mwambie nimepokea. Tumemalizana."

Nilirudi nyumbani mbio, nafsi nyepesi, nimeikomboa roho ya bibi yangu, na sikumwambia.

Kunde zilipovunwa jirani alikuja na kikapu kikubwa kichwani, akakitua mlangoni. Bibi akafurahi, akatandika mkeka tugawane. "Usitandike," jirani akasema. "Ni zote." Bibi akamwuliza nusu yake iko wapi. "Kibarua hagawani mavuno, mama. Nilishalipwa." Alisema mama, hakusema somo. Akageuka akaondoka.

Nilimwambia bibi kila kitu huku nalia, na siku ile ile tukavuka ua. Bibi akaeleza, akaapa, akanisukuma mbele niseme kwa mdomo wangu. Nikasema. Jirani alisikiliza kwa adabu, akatuletea hata kigoda. Kisha akasema, "Mtoto hutoa nje yanayosemwa ndani. Si kitu, yamekwisha." Kwetu watu wanaamini hivyo, na mtoto atasema nini hata watu waamini vingine? Kadiri nilivyozidi kusema ni mimi, ndivyo bibi alivyozidi kuonekana mwongo.

Kabla ya Ramadhani alifunga mlango wake akahamia Mute kwa mwanawe. Tulimkosa asubuhi tu, mlango una kufuli. Hakuaga. Bibi alilishika lile kufuli, akaliachia. "Wanaodaiana huagana," akasema. "Waliomalizana huondoka tu."

Alijaribu tena. Kila gari lililoelekea kaskazini alimpa dereva salamu: mwambieni somo nusu yake ya kunde bado ninayo, aje aichukue, au aseme nimpelekee. Zile kunde hakuzipika wala kuziuza. Zilikaa mpaka zikaingiwa na dumuzi. Baada ya miezi, dereva mmoja akaleta jibu. Alisema, "Mama yule mzima. Kasema msijisumbue, hamdaiani kitu." Bibi akashika mlango. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Nikamwuliza nani kafa.

Sasa bibi mwenyewe hayupo, na vita vilipokuja tulikimbia kila mtu njia yake, nyumba zile na ua ule sijui vina hali gani. Watu wa Mute wako wengi hapa Pemba. Nimewauliza, kila mmoja ananitajia mzee mwingine, siye. Na mimi bado sielewi. Nilidai, nikakosea, nililipa, nikakosea zaidi. Leo nina kazi, nina mshahara, kila kitu nanunua taslimu. Mtaa mzima huu simdai mtu, wala mtu hanidai, na wenzangu wanasema nina bahati. Lakini siku nikifunga mlango huu nikaondoka, sijui nitamuaga nani.