Mahona na zamu ya kulinda kura

Watu wakiibiwa ng'ombe pale kijijini Puge, mlango wa kwanza kugongwa ni wa Mahona. Hutoka na fimbo yake, akainama vumbini, akafuata nyayo hadi porini, na mara nyingi ng'ombe hurudi. Njia za wezi anazijua kwa sababu alizipita mwenyewe: aliwahi kuiba dume la Erasmus, akakamatwa, akala miaka mitano jela. Hakubisha. Alipotoka alimlipa Erasmus dume jingine, akachinja na mbuzi wa suluhu kama ilivyo desturi, na Erasmus akaitafuna nyama ile mbele ya watu wote, hakuacha hata mfupa. Tangu hapo Mahona ni sungusungu, mlinzi wa kijiji kama wenzake, hakosi zamu ya lindo.

Ukaja uchaguzi wa mwenyekiti wa kitongoji. Redioni walisema aliyemaliza kifungo ana haki ya kupiga kura kama mtu yeyote. Mahona akaoga, akavaa shati la kanisani, akaenda kujiandikisha. Mwandikishaji alikuwa mwalimu Fikiri, aliyehamia juzijuzi tu.

"Mnamtambua mzee huyu?" mwalimu akauliza foleni.

Watu ambao ng'ombe wao walirudishwa na Mahona wakatazama chini. Aliyejibu ni Erasmus, kamanda wa sungusungu.

"Tunamtambua. Mfungwa huyo."

"Nilikuwa mfungwa, kamanda. Nimemaliza."

"Aliyekula jela hana kura. Ndivyo tunavyojua sisi."

Mwalimu akasita. "Mzee wangu, samahani, kaulize kwanza wilayani. Nisije nikajitia matatani."

Mahona akaenda wilayani, Nzega. Wakamwambia haki anayo, arudi akaandikwe. Aliporudi, mwalimu akataka kauli ya mtendaji wa kijiji, na mtendaji alikuwa safarini. Njoo kesho, njoo kesho, danadana hizo hadi uandikishaji ukafungwa. Angekataliwa waziwazi angejua wa kugombana naye. Kabula, mkewe, alipomwambia ayaache mambo hayo, Mahona alimfokea, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu atoke jela. Fadhila ya punda ni mateke, lakini Mahona hakutegemea ayapate kwa watu aliokula nao sahani moja.

Siku ya kura, alfajiri, mlango ukagongwa. Ni Erasmus.

"Mwangaluka, Mahona. Chukua fimbo twende. Leo zamu yako kulinda kituo. Hatutaki mtu achezee sanduku."

Mahona aliiruka salamu hiyo ya asubuhi.

"Kamanda, mnaniaminije na kura za kitongoji kizima, halafu yangu moja inawashinda?"

Erasmus akakohoa. "Hayo mambo ya serikali, bwana. Usinitafutie lawama asubuhi asubuhi."

"Serikali ilisema niandikwe. Aliyesema mimi mfungwa ni wewe."

Mahona akavua filimbi ya lindo shingoni, akamwekea kamanda mkononi.

"Na ng'ombe wakiibiwa," akasema, "kagongeni kwa wenye kura."

Akafunga mlango. Ndani, Kabula alikuwa ameshajifunga khanga kwenda kupiga kura. Alimtazama mumewe, akakaa kitandani, hakujua aende au abaki.