Kuki Zilizobaki Kwenye Simu ya Mama

Simu ya mama haikuwa ya mama peke yake. Pale Rexdale, mtaani kwetu ughaibuni, ilikuwa ya jengo zima. Jirani au mwanakwaya mwenzake yeyote aliyeishiwa bando, au ambaye bado alikuwa na kisimu cha kubofya, alipanda lifti, akabisha hodi na kusema, "Mama, niazime simu kidogo." Mama hakujua kunyima. Nilimgombeza weee, mpaka nikachoka. Na mimi hasira zangu ziko karibu.

Nilikuwa na sababu. Nilikuwa natengeneza programu za simu katika kampuni ndogo mjini, na mwaka ule tulikuwa tumetoa moja ya kliniki: mgonjwa anaingia kwa nywila yake, anasoma majibu ya vipimo akiwa nyumbani. Mama aliitangaza kanisani utadhani mimi ndiye daktari.

Kisha yeye mwenyewe akapata uvimbe kwenye titi la kushoto. Aliyemsindikiza kupimwa ni rafiki yake wa kwaya, Mtanzania mpole niliyemwita mama mdogo. Walipofika kliniki ileile mama akamng'ang'ania naye apimwe. "Si umri wetu ni mmoja? Keti hapo!" Wakapigwa picha za matiti wote wawili, wakarudi wakicheka kwenye basi la mtaa wa Kipling. Mimi sikucheka. Siku zile za kusubiri, kazini nilisoma mstari mmoja mara tano bila kuuelewa.

Jumamosi mchana nilipofika, mama alikuwa mezani na simu mkononi, mama mdogo yuko jikoni anakaanga samaki.

"Majibu yametoka," mama akasema. "Nimeingia, lakini macho yamekataa. Nisomee."

Nikamsomea, nikigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili. Kuna kitu kimeonekana kwenye titi la kulia. Afike Alhamisi kwa vipimo zaidi, asichelewe.

"Woi, Mungu wangu," mama akasema, akashika meza. Mama mdogo alizima jiko. Halafu mama akainua kichwa. "La kulia? Ebo! Mbona langu ni la kushoto?"

Nilianza kufoka. Hawa watu wa kliniki hawajui hata kushoto na kulia? Lakini katikati ya kufoka nikajiuliza kama kosa ni la kliniki kweli au ni la programu yetu.

Ukiingia kwenye programu kama ile, seva, yaani kompyuta kuu inayotunza majibu, huipa simu alama ndogo ya kukutambulisha. Sisi huiita kuki. Simu huihifadhi, na kila inapoomba kitu huituma pamoja na ombi, ili usiulizwe nywila kila mara. Tulikuwa tumeandika kwamba mtu akibonyeza kutoka, jina lake lifutwe. Kuki hatukuifuta. Akiingia mwingine kwenye simu ileile, jina la juu linakuwa lake, lakini kuki ya yule wa kwanza ndiyo inayotumwa na ombi, na seva inaleta majibu ya yule wa kwanza. Ofisini hatukuliona kosa hilo kwa sababu kila mtu alikuwa na simu yake mfukoni. Nani pale angewazia simu inayobishiwa hodi?

"Mama, nani ametumia simu hii leo?"

"Si mama yako mdogo tu, asubuhi. Simu yake imekataa kufunguka."

Nilimtazama mama mdogo. Alikuwa amenipa mgongo, anasugua sufuria iliyokwishatakata.

Nilitamani sakafu inimeze. Nikisema, nimemvua nguo mtu mzima mbele ya rafiki yake. Nikinyamaza, mama anabaki na ugonjwa wa mwenzake, na wake mwenyewe, kama upo, bado hatujausoma. Nikasema tu, "Imekwama hii. Ngoja niisafishe." Nikafuta kila kitu cha programu ile, nikamrudishia mama simu aandike nywila upya. Akakosea, akaanza tena. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka. Niliomba kimoyomoyo, mimi ambaye kanisani nilikuwa nakwenda kwa kuburutwa.

Titi la kushoto. Uvimbe wa maji tu. Hakuna cha kuogopa.

"Ni mzima, mama! Ni maji tu!" Nilipiga kelele, nikamkumbatia, machozi yananitoka. Mama akainua mikono juu, akafungua kinywa kupiga vigelegele, na kigelegele hakikutoka. Mama si mtoto. Akashusha mikono taratibu, akageukia jikoni.

"Dada," akasema. "Lile la kulia."

Mama mdogo aliweka sufuria chini, akafuta mikono kwenye khanga yake.

"Ni langu. Nilisoma asubuhi."

"Asubuhi! Na umekaa hapa mchana kutwa unanikaangia samaki?"

"Sasa ningekwambiaje, dada? Nilitaka kwanza tusikie lako."